Mwenzako Akihama, Kontra ya Nyumba Inabaki na Nani?

Watu wakiachana hapa Kisangani, wa kwanza kuitwa ni shangazi, anafuata mchungaji au imamu, halafu kaka mkubwa wa ukoo. Bayeri, yaani mwenye nyumba, ndiye wa mwisho, na kwa kawaida hata haitwi: anajileta mwenyewe tarehe ya kodi ikipita. Makala haya yanakuomba ugeuze mpangilio huo. Shangazi anaweza kungoja wiki mbili. Bayeri hangoji, maana yeye hakumfungisha mtu ndoa. Alipokea pesa, akaandika jina kwenye karatasi, na mwenye jina hilo ndiye anayemjua.

Kwa hiyo, kabla hamjaanza kuhesabiana makosa, itafute kontra. Iwe ilikaa chini ya godoro, ndani ya Biblia au kwenye simu kama picha, itoe uisome tena polepole. Angalia jina la mpangaji ni la nani, kodi ni kiasi gani na hulipwa tarehe ngapi, garanti, ile pesa ya dhamana, ilikuwa miezi mingapi, na nani alisaini kuitoa. Wengi watagundua kwamba hawana kontra yoyote. Wana desharji tu, kile kikaratasi cha daftari kilichoandikwa «nimepokea dola 180» na saini iliyopinda. Usikidharau. Mbele ya shefu wa katiye, na hata mbele ya hakimu, kikaratasi hicho kina nguvu kuliko maneno ya mashahidi wanne wanaokumbuka kila mmoja kivyake. Wengine hawana hata hicho, kwa sababu walipatana kwa mdomo uani, komisionere, dalali wa nyumba, akiwa katikati na haraka yake ya kupata chake. Nao hawajapotea. Ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money unaoonyesha pesa ilitoka kwa nani kwenda kwa nani, na siku gani, ni ushahidi. Upige picha leo, kabla simu haijaibiwa au laini haijafungwa.

Sheria ipo, tena si ya kale. Ni ile namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba zinazopangwa kwa matumizi yasiyo ya biashara. Inataka mapatano yawe ya maandishi. Inataka hali ya nyumba ichunguzwe na kuandikwa mtu anapoingia na anapotoka. Inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Najua utacheka, hasa kama umewahi kupanga Kinshasa, ambako watu huombwa miezi sita hadi kumi bila aibu. Lakini sheria isiyofuatwa bado ni sheria, na siku mtakapofika komini kubishana, itasomwa hiyo, si desturi ya avenu yenu. Hata dada anayepanga chumba kimoja na sebule katika parsele ya Mangobo inamhusu, sawasawa na mwenye fleti ya ghorofani Makiso.

Sasa tuangalie jina.

Kama jina lililoandikwa ni lako peke yako, habari ni nzuri na mbaya kwa pamoja. Nyumba ni yako kuishi, hakuna wa kukutoa kwa sababu mwenzako kaondoka. Ila deni lote ni lako pia. Huwezi kumwendea bayeri na nusu ya kodi ukimwambia nusu nyingine aidai kwa yule bwana aliyehamia Kabondo. Yeye hana mapatano na yule bwana. Pesa ambayo mwenzako alizoea kukupa kila mwisho wa mwezi ilikuwa mapatano yenu ninyi wawili, na kama mnataka iendelee kwa muda, labda kwa ajili ya watoto, basi muiandike ninyi wawili.

Kama majina ni mawili, mambo yanahitaji jicho kali. Mapatano mengi nchini bado yanatawaliwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi za mfalme Leopold, na hapo kuna kanuni inayowasaidia wadaiwa: watu wawili waliosaini pamoja hawahesabiwi kwamba kila mmoja anadaiwa deni zima, ila kama wameandika hivyo waziwazi. Kontra zetu huwa za Kifaransa, basi litafute neno solidairement. Likiwemo, bayeri anaweza kumkamata yeyote kati yenu kwa kodi yote, nawe uliyebaki ndiye uliye karibu na mkono wake. Lisipokuwemo, kimsingi kila mmoja anadaiwa sehemu yake. Nasema kimsingi, kwa sababu anayelala ndani ya nyumba ana shida kubwa kumwambia mwenye nyumba kwamba analipia nusu ya paa. Faida ya kanuni hii utaiona zaidi kwenye madeni ya zamani, ya miezi ile mliyokuwa mnaishi pamoja. Hapo unaweza kusimama na kusema: sehemu yangu hii hapa, naomba desharji, iliyobaki ni ya mwenzangu.

Hali ngumu kuliko zote ni ya tatu: jina ni la aliyehama peke yake. Hapa mjini iko katika nyumba nyingi, hasa za wale wanaoishi yaka tofanda, yaani pamoja bila ndoa, ambapo mwanaume ndiye aliyesaini na mwanamke akaleta sufuria, pazia na mara nyingi theluthi ya garanti isiyoandikwa popote. Kwa karatasi, wewe ni mgeni wa mtu ambaye hayupo. Usikae kimya ukitumaini bayeri hajagundua. Wapangaji wengine wa parsele walimwambia siku ileile godoro lilipopandishwa kwenye baiskeli ya toleka. Nenda mwenyewe, mapema, ukiwa na kodi ya mwezi unaoanza mkononi, umwambie: Papa, huyu ameondoka, mimi nataka kubaki, naomba desharji hii iandikwe jina langu. Akiipokea pesa na kuandika jina lako, umeshaanza kuwa mpangaji. Miezi miwili mitatu ya desharji za namna hiyo, hata kabla ya kontra mpya, inakutoa kwenye ugeni.

Akikudai madeni ya mwenzako kabla ya kukukubali, na wengi wanadai, usikubali kwa haraka wala usikatae kwa hasira. Uliza ni miezi gani, uone daftari lake. Ukiamua kulipa ili ubaki, desharji itaje kwamba ni madeni ya mwezi fulani na fulani ya Bwana fulani, yamelipwa na wewe. Siku ya kugawana garanti utaishukuru sentensi hiyo.

Na komisionere akitokea akidai mwezi wake kwa sababu kontra inabadilishwa jina, mpe kiti na maji ya kunywa, basi. Hakutafuta nyumba yoyote. Komisioni hulipwa kwa nyumba iliyopatikana, na hii mlishaipata.

Nimesema garanti, na hapo ndipo penye vita halisi. Mapenzi yanaisha kwa kilio cha wiki, garanti inagombewa miaka. Sababu ni kwamba pesa yenyewe haipo. Bayeri aliipokea, akaezekea nyumba ya pili au akalipia mtoto masomo Chuo Kikuu, na wala haikuwekwa benki hata siku moja. Ndiyo maana aliyehama akienda kudai «sehemu yangu» katikati ya kontra, bayeri humjibu, na kwa haki, kwamba garanti hurudi mpangaji anapoacha nyumba, baada ya kuangalia kilichoharibika na kodi isiyolipwa. Nyumba haijaachwa. Kwa hiyo anayetakiwa kumrudishia aliyehama si bayeri, ni yule anayebaki, kwa kuwa yeye ndiye atakayeifaidi garanti ile siku ya kutoka.

Tuichukue kwa hesabu. Tuseme kodi ni dola 60, garanti ya miezi mitatu ni 180. Mwanaume alitoa 120, mwanamke 60. Wanaachana wakiwa na madeni ya miezi miwili, yaani dola 120, ambayo mwanamke anayalipa yote ili abaki. Nusu ya madeni hayo, dola 60, ilikuwa ya mwanaume. Toa 60 katika 120 zake: anabaki anadai 60. Sasa mwanamke anaweza kumlipa dola 20 kila mwezi kwa miezi mitatu, kila mara kwa desharji, na baada ya hapo garanti yote ni yake. Au wanaweza kungoja hadi siku nyumba itakapoachwa. Mimi ningelipa. Kungoja kunaonekana rahisi, lakini miaka miwili baadaye mlango utakuwa umeoza na ukuta umepasuka, bayeri atakata dola 70, na mtaanza upya kubishana nani alivunja nini katika nyumba ambayo mmoja wenu hakuwemo. Dola 20 za leo ni nafuu.

Kama kodi yenu imepangwa kwa dola na mnalipa franka, andikeni pia kwa bei gani ya siku gani mtahesabiana. Watu wawili waliokuwa wakilishana ugali sahani moja wanaweza kukosana kabisa kwa tofauti ya franka elfu tano.

Kuna ujanja mmoja wa kuangalia. Aliyehama, kama desharji ya garanti ina jina lake, anaweza kupita kimyakimya kwa bayeri wapatane garanti «iliwe», yaani kodi ya miezi ijayo ikatwe humo, huku wewe ukidhani kila kitu kipo. Unakuja kustuka mwezi wa nne unapoambiwa huna kitu, toka. Dawa yake ni kumfikishia bayeri barua siku za mwanzo kabisa, ukisema kwamba garanti ilitolewa na watu wawili, na kwamba mabadiliko yoyote yafanyike mbele ya wote wawili. Nakala moja isainiwe na yeye kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, mpelekee mbele ya shefu wa avenu.

Karatasi muhimu kuliko zote ni ile ya kuhama. Haihitaji mwanasheria, inahitaji watu watatu kukaa nusu saa bila kutukanana, na ikibidi shahidi mmoja wa kila upande. Kwa maoni yangu iandikwe kwa Kifaransa kama mnaye anayekijua vizuri, kwa sababu ofisi zetu zinafanya kazi kwa lugha hiyo. Lakini Kiswahili kinachoeleweka ni bora kuliko Kifaransa cha kubabaisha. Iwe hivi:

«Mimi fulani, mwenye kadi ya mpiga kura namba fulani, niliyekuwa nikikaa na fulani katika nyumba namba fulani, avenu fulani, katiye fulani, komini ya Tshopo, natangaza kwamba nimehama tarehe fulani. Tangu siku hiyo fulani anabaki mpangaji peke yake. Garanti ni dola 180: mimi nilitoa 120, yeye 60. Kodi imelipwa hadi mwisho wa mwezi fulani; madeni yaliyopo ni dola 120. Nimerudisha funguo. Vitu vyangu nimechukua, isipokuwa hivi vinavyofuata, ambavyo nitakuja kuchukua kabla ya tarehe fulani. Imefanyika Kisangani, nakala tatu.»

Asaini anayehama, asaini anayebaki, na bayeri aandike kwa mkono wake kwamba amekubali. Ile sentensi ya garanti ndiyo watu huiruka kwa aibu, na ndiyo itakayowaokoa. Baada ya hapo muombe bayeri kontra mpya kwa jina la aliyebaki, na muipeleke ofisi ya abita, ile ya makazi, pale komini ikawekwe alama. Bayeri anaweza kutumia nafasi hiyo kutaka kupandisha kodi au kuongeza garanti. Mkumbushe ile miezi mitatu ya sheria, na kwamba garanti tayari anayo.

Vipi kama mwenzako hakuhama kwa kuaga? Kwa mji wetu hili ni jambo la kila siku. Mtu anasema anaenda machimboni Bafwasende au Banalia, atarudi baada ya miezi miwili na dhahabu yake. Au anapanda baleniere kushuka Kinshasa kutafuta biashara. Mwezi wa tano unafika, simu haipatikani, na kuna anayesema amemwona na mwanamke mwingine Buta. Je, amehama au hajahama? Usimsubiri ajibu swali hilo ndipo upange maisha yako. Mwandikie ujumbe wa wazi kwenye simu, wa heshima, usio na matusi, ukimwambia kodi imefika wapi, unataka kufanya nini, na unampa hadi tarehe gani kusema neno. Upeleke maneno hayohayo kwa mkubwa mmoja wa familia yake. Kisha nenda kwa shefu wa katiye, aandike kwamba mtu huyu hayupo nyumbani tangu mwezi fulani na wewe ndiye unayelipa. Ukiwa na hivyo vitatu, bayeri mwenye akili atakubali kuandika jina lako, na siku bwana akitokea na begi lake usiku, hatakuwa na la kusema ila kugonga mlango kama mgeni mwingine yeyote.

Kuhusu vitu vyake, nina ombi. Usivitupe nje, usiviuze Marché Central, usivichome. Najua raha yake ni kubwa, lakini ni raha ya dakika kumi. Viorodheshe mbele ya majirani wawili: shati ngapi, redio, baiskeli, karatasi zake za shule. Vifunge, viweke pembeni, mwambie avichukue. Ukivigusa vibaya, mgogoro wa kodi, ambao ulikuwa wa kawaida, unageuka kuwa mashtaka ya wizi au uharibifu, na hapo polisi wana mlango wa kuingilia. Kufuli unaweza kubadilisha, lakini baada ya karatasi ya kuhama kusainiwa, au baada ya shefu wa katiye kujua. Ukibadilisha kabla, na jina lake likiwa bado kwenye kontra, wewe ndiye utakayeitwa uliyemfungia mtu nje ya nyumba yake.

Wakwe nao huja, wakati mwingine na mkokoteni, wakitaka frigo «ya mtoto wetu». Waonyeshe fakture kama unayo. Kama huna, waambie vitu vitatoka siku mwenye navyo atakapokuja kusaini mwenyewe. Waheshimu, wape chai, ila frigo isitoke.

Hadi hapa nimesema «mwenzako» bila kuuliza kama mlioana. Kwa bayeri haina uzito mkubwa. Kwa sheria ina uzito. Mkiwa mmefunga ndoa mbele ya ofisa wa serikali, au ndoa ya kifamilia iliyoandikishwa, Sheria ya Familia (Code de la famille) ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inawafuata hata mkilala mbalimbali. Kuhama si talaka. Kama hamkuchagua utaratibu mwingine wa mali, vile mlivyopata ndani ya ndoa ni vya wote wawili, na pesa ya garanti iliyolipwa wakati huo kwa kawaida inahesabiwa humo, hata kama desharji ina jina la mmoja. Wajibu wa kuchangia mahitaji ya nyumba nao haufi kwa sababu mtu amebeba sanduku. Mambo haya yanaamuliwa na tribunali ya amani, na usione aibu kufika pale.

Mkiwa mliishi yaka tofanda, Sheria ya Familia haitakukinga kama mke au mume. Huna mali ya pamoja ya kudai, una vile unavyoweza kuthibitisha kwamba ulinunua au ulilipa. Ndiyo maana nimekusumbua tangu mwanzo kwa desharji na picha za simu. Kwa dada zangu hasa: siku unapotoa pesa yako iingie katika garanti, hata ukiwa umependa kupindukia, omba jina lako liandikwe pembeni ya lake. Anayekasirika kwa ombi hilo amekupa habari muhimu bure.

Watoto ni jambo jingine kabisa. Baba aliyewatambua ana wajibu kwao, ndoa iwepo isiwepo, na sehemu ya kodi ya nyumba wanayolala inaweza kuingia katika matunzo mtakayopatana au hakimu atakayopanga. Lakini usimwambie bayeri asubiri matunzo ya watoto ndipo alipwe.

Kama hesabu inakataa, usijikaze hadi uchanike. Mtu aliyekuwa analipa nyumba kwa mishahara miwili, akibaki na mmoja, ana njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuleta mwingine: mdogo wako, binamu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu anayetafuta chumba. Umwambie bayeri kwanza na upate kibali chake cha maandishi, kwa sababu kupangisha chumba kwa mtu mwingine bila ruhusa kunampa sababu ya kukutoa. Wewe unabaki mwenye kontra, na mgeni wako anakulipa wewe kwa desharji yako. Ya pili ni kutoa preavi, yaani taarifa ya kuhama, na kutafuta kilicho kwenye uwezo wako, hata ikiwa ni kuvuka mto hadi Lubunga. Preavi ya nyumba ya kuishi ni miezi mitatu, kwa maandishi. Wapangaji wengi huacha kulipa katika miezi hiyo mitatu na kuila garanti, na bayeri wengi hukubali kwa kuwa pesa ya kurudisha hawana. Si mbaya, mradi iandikwe: garanti ya miezi mitatu inalipia mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu wa preavi, na siku ya mwisho hakuna anayemdai mwenzake isipokuwa uharibifu utakaoonekana. Ukiila bila kuandika, utadaiwa kodi na garanti itasahaulika.

Usisahau umeme wa SNEL na maji ya REGIDESO. Katika parsele zenye konteri moja, fakture hugawanywa kwa vichwa au kwa nyumba, na orodha anayo mmoja wa wapangaji. Mwambie akupunguzie mtu mmoja kwenye hesabu. Madeni ya umeme ya nyuma yagawanyeni katika karatasi ileile ya kuhama, pamoja na miezi yote ambayo umeme wenyewe ulikuwa habari ya kusikia tu.

Kuna bayeri watakaokutisha kwa polisi. «Nitakuleta kwa OPJ, utalala ndani.» Mpangaji akisikia hivyo anauza simu, anauza cherehani, analipa hata lisilo lake. Tulia. Kodi isiyolipwa ni deni la kiraia. Nchi yetu, ikiitwa Zaire, iliingia mwaka 1976 katika mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Njia ya deni inaanzia ofisi ya abita kwenye komini, mnakaa kupatanishwa. Ikishindikana ndipo mahakama. Na kumtoa mtu ndani ya nyumba ni kwa hukumu, si kwa kung'oa mlango au kuvua mabati mvua ikiwa njiani. Hilo halimaanishi uketi tu bila kulipa ukitamba na vifungu. Bayeri wengi wa mji huu ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa chumba hicho kimoja ulichopanga, na ukimwendea mapema na pendekezo la kulipa kidogokidogo, mara nyingi atakusikiliza kuliko yule ndugu yako wa damu.

Neno moja kwa wewe uliyehama, maana najua nawe unasoma. Unadhani umemaliza kwa sababu umelala kwingine. Kama jina lako liko kwenye kontra ile, kodi inaendelea kukuandama, mwezi baada ya mwezi, na madirisha yatakayovunjika usipokuwepo yanaweza kuhesabiwa kwako. Rudi siku moja mchana, si usiku, uje na mtu mmoja mwenye busara, usaini utoke. Kama unaona vigumu kumtazama mwenzako usoni, mkutane kwa bayeri au kwa shefu wa katiye. Nenda na funguo zote, hata ule uliompa mdogo wako.

Na nyote wawili, angalieni tarehe. Kodi ya mwezi ujao haitangoja shangazi afike kutoka Isangi. Kabla haijaanza kuhesabika, nendeni kwa bayeri na karatasi zenu, na msitoke kwake bila saini.